Kanisa la Timbwani ni la nani? Kweli na si kweli kuhusu makabila yanayosali pamoja

Timbwani ni mojawapo ya wadi tano za eneo bunge la Likoni, ng'ambo ya kivuko, na ni mojawapo ya mitaa michache ya Kenya iliyochanganya watu namna hii. Wako Wadigo ambao ardhi hii ni ya mababu zao, wako Wagiriama na Wataita, na wako Wakamba, Waluo, Waluhya, Wakikuyu, Wameru na Wakisii walioletwa na bandari, reli na hoteli. Misikiti na makanisa yanapakana ukuta kwa ukuta. Kuhusu makanisa hayo husemwa mengi, kwenye foleni ya feri, kinyozini, hata kwenye mabenchi ya makanisa yenyewe. Nimechukua yale yanayorudiwa zaidi nikayapima moja moja. Nafanya hivyo kwa sababu katika mtaa kama huu, kanisa likikosea juu ya kabila, hasara haiwi ya waumini peke yao.

"Kanisa ni la watu wa bara. Mpwani ni Mwislamu."

Si kweli. Na ndiyo kauli inayoumiza kuliko zote, kwa maana humfanya Mrabai au Mtaita aonekane mgeni katika kanisa alimobatizwa babu wa babu yake.

Mombasa ilikuwa na Wakristo karne nyingi kabla ya reli. Mwezi Agosti mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan, ambaye Wareno walikuwa wamembatiza kwa jina la Jerónimo Chingulia na kumsomesha Goa, aliwageukia walezi wake na kuiteka Ngome ya Yesu. Wakristo waliokataa kuiacha dini yao waliuawa, na miongoni mwao walikuwamo Wareno na walikuwamo Waafrika. Kanisa la kale kabisa tunalolijua mjini humu lilikuwa tayari la rangi zaidi ya moja, na lilizikwa pamoja.

Mwaka 1844 akafika Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na CMS, shirika la Waanglikana wa Uingereza. Haikupita muda mke wake Rosina na mtoto wao mchanga wakafariki, wakazikwa upande wa Kisauni. Krapf alipoanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili alisaidiwa na kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Mohiddin. Wanaodhani Uislamu na Ukristo wa pwani vilianza kwa kupigana mapanga wangefaa kulijua hilo. Mwaka 1846 Krapf na mwenzake Johannes Rebmann walihamia Rabai, na mtu wa kwanza kubatizwa huko alikuwa Mringe, mlemavu wa Kimijikenda. Kufikia 1848 Injili ya Luka ilikuwa imepigwa chapa Bombay kwa lugha ya Kimijikenda iliyoitwa wakati huo Kinyika. Hakuna lugha ya bara la Kenya iliyokuwa na injili iliyochapishwa mwaka huo. Mmijikenda alitangulia.

Kisha mwaka 1875 ikaanzishwa Freretown, Kisauni, makao ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Kengele yake bado ipo, na ndiyo iliyoupa mtaa wa Kengeleni jina lake. Hapo walikusanyika Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengine ambao hawakuwa na lugha moja isipokuwa Kiswahili walichojifunza njiani na utumwani. Waliowafundisha wengi walikuwa Waafrika wenzao waliolelewa na wamishonari Nasik, India, wale walioitwa Waafrika wa Bombay: William Henry Jones, ambaye asili yake ilikuwa Myao, Ishmael Semler na George David. Jones na Semler walipewa ushemasi na Askofu James Hannington mwaka 1885, miezi michache kabla askofu huyo hajauawa Busoga. Mchungaji wa kwanza Mwafrika kwa mkazi wa Kisauni hakutoka bara la Kenya. Alitoka ng'ambo ya bahari.

Kauli hii inapata nguvu wapi basi? Kuna chembe mbili za ukweli ndani yake. Ya kwanza, Wadigo wenye Likoni kwa sehemu kubwa ni Waislamu, na makanisa mengi ya Timbwani yalianzishwa kweli na wafanyakazi waliotoka bara. Ya pili inahusu uongozi. Tangu Wakatoliki wa Mombasa wapate jimbo lao mwaka 1955, likiwa mwanzoni pamoja na Zanzibar, wameongozwa na Eugene Butler wa Ireland, Nicodemus Kirima wa Nyeri, John Njenga wa Kiambu, kisha Boniface Lele na Martin Kivuva, wote wawili wa Ukambani. Watu wema, na Lele hasa anakumbukwa kwa kukaa meza moja na mashehe. Lakini Mmijikenda anayeitazama orodha hiyo ana haki ya kuuliza. Kwa Waanglikana hali ni tofauti: maaskofu wa karibuni, Julius Kalu na Alphonse Mwaro Baya, ni watoto wa pwani.

"Kila kabila lina dhehebu lake."

Nusu kweli, na nusu hiyo ina sababu yake.

Wamishonari waligawana Kenya kama watu wanavyogawana viwanja. Wapresbiteri wa Scotland walikwenda Ukikuyuni, na Africa Inland Mission ikachukua Ukambani kisha Bonde la Ufa. Marafiki, yaani Wakweka, walifungua Kaimosi kwa Waluhya mwaka 1902, Wasabato wakafika Gendia mwaka 1906 na kutoka hapo wakaenea hadi Kisii, nao Wamethodisti wakawa na pwani na Meru. Makubaliano hayo yalikusudiwa kuzuia ugomvi wa mashirika. Mwaka 1913, kwenye mkutano wa Kikuyu, mashirika ya Kiprotestanti yalijaribu hata kuungana, yakashiriki meza ya Bwana pamoja, na Askofu Frank Weston wa Zanzibar akawashtaki maaskofu wenzake wa Mombasa na Uganda kwa uzushi. Muungano haukupatikana. Mipaka ilibaki, na ndani ya kila mpaka kulikuwa na kabila moja au mawili.

Watu wa mipaka hiyo ndio walioshuka Mombasa kutafuta kazi. Mtu anaposhuka basi la usiku akiwa hana jamaa, hutafuta kwanza kanisa la kwao, kwa kuwa huko ndiko atakakopata chumba na kibarua. Ndivyo Africa Inland Church ya mjini inavyojaa Wakamba na PCEA, kanisa la Wapresbiteri, inavyojaa Wakikuyu, bila mtu kuweka kizuizi mlangoni. Yapo pia makanisa ya Waafrika wenyewe yaliyozaliwa ndani ya jamii moja, kama Africa Brotherhood Church kwa Wakamba na Legio Maria kwa Waluo.

Kwa hiyo anayeona kabila moja limejaa kanisani asikimbilie kusema ni chuki. Ni ramani ya wakoloni iliyopanda basi. Ila ramani hiyo ina zaidi ya miaka mia moja sasa, na mtoto aliyezaliwa Timbwani hajui hata Kaimosi iko wapi. Kanisa linaloendelea kumhesabu kwa kijiji cha babu yake limeamua hivyo lenyewe, na haliwezi kumsingizia mmishonari.

"Wakikaa benchi moja, wameungana."

Si kweli hata kidogo, na hapa ningeomba msomaji twende pole pole.

Turudi Freretown. Watu wa makabila kumi na zaidi waliimba wimbo mmoja, chini ya paa moja, pamoja na Wazungu wao. Lakini msimamizi wa kijiji, Mwingereza J. R. Streeter, alishutumiwa kwa kuwachapa wakazi viboko, mpaka uchunguzi ukafanywa mwaka 1881. Waafrika wa Bombay, waliosoma kuliko wamishonari kadhaa waliowasimamia, walilalamikia mishahara na dharau. Angalia benchi peke yake na utasema hili lilikuwa kanisa la kupigiwa mfano. Angalia nani alishika fedha na nani alishika kiboko, na utasema kingine.

Timbwani ya leo haina kiboko. Ina daftari. Nenda kanisa lolote ukasikilize matangazo baada ya ibada, halafu ujiulize mambo matatu. Mhazini ni nani, na aliyekuwa kabla yake, na kabla ya huyo? Anayechagua wimbo wa kwaya ni nani? Mwenyekiti akitaka kusema jambo zito na mchungaji pembeni, wanageuza lugha? Kanisa likiwa na makabila saba kwenye mabenchi na moja kwenye meza ya sadaka, hilo ni kanisa la kabila moja lenye wageni wengi.

Mahali ninapopaona pamefanikiwa kuliko pengine ni jumuiya ndogo ndogo za Wakatoliki. Maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele katika miaka ya 1970, na kanuni yake ni nyepesi: unasali na jirani yako wa nyumba, uwe unampenda au humpendi. Katika Timbwani maana yake ni ploti. Jioni ya siku ya jumuiya, viti vya plastiki vinatolewa kila chumba na kupangwa kwenye ujia, mkeka unatandikwa kwa watoto, na jiko la jirani linasogezwa ili watu wapite. Mama wa Kigiriama aliyejifunga leso anasoma somo, kijana wa Kiluo aliyetoka zamu ya bandarini anashika kayamba, fundi cherehani Mkamba anaongoza maombi, na stima ikikatika wanasoma kwa tochi ya simu. Kayamba lenyewe ni chombo cha Wamijikenda. Leo linapigwa misani Kitui na Kisumu, na ni wachache kati ya wanaolipiga huko wanaojua kuwa ni zawadi ya pwani.

Watu wa ujia mmoja wanajuana madeni na maradhi. Hawawezi kudanganyana kuhusu upendo.

Lakini hata jumuiya hukwama mahali pamoja: msiba. Mgiriama akifariki Timbwani atazikwa Kilifi au Kaloleni, safari ya saa chache. Mluo au Mluhya atasafirishwa kwao, zaidi ya kilomita 800, kwa gari la maiti na basi la waombolezaji. Gharama hazilingani hata kwa mbali. Basi mchango wa kanisa ukifuata gharama, fedha za wote zitamalizikia kwenye barabara ya kwenda magharibi, na mwenye maiti ya karibu ataambiwa "nyinyi hamna gharama." Wapwani hunung'unika kimya kimya. Watu wa bara nao, wakihisi kanisa halitoshi, hukimbilia chama cha watu wa nyumbani, na huko ndiko mioyo yao inakobaki hata baada ya mazishi. Ninaamini, kwa dhati kabisa, kwamba makanisa ya Likoni hugawanyika kwenye daftari la mazishi kuliko kwenye mahubiri yoyote.

Dawa ipo, na baadhi ya vikundi huitumia: kila familia iliyofiwa ipewe kiasi kilekile, maiti iende Kaloleni au Kakamega. Linalozidi hapo ni la ukoo na chama cha kwao. Pia viongozi wahudhurie matanga ya pwani kwa idadi ileile wanayohudhuria ya bara. Halina gharama, hilo, na linaonekana na kila mtu.

Anayedhani haya ni mambo madogo yasiyo ya kiroho asome upya Matendo ya Mitume sura ya 6. Ugomvi wa kwanza wa kikabila katika Kanisa haukuwa juu ya imani. Ulikuwa juu ya chakula: wajane wa waliosema Kigiriki walikuwa wakisahauliwa katika mgao wa kila siku. Mitume hawakuhubiri umoja wakaondoka. Waliagiza wachaguliwe watu saba wa kusimamia mgao, na majina ya wote saba ni ya Kigiriki. Waliolalamika ndio waliokabidhiwa ghala.

"Ibada kwa lugha ya mama ni ukabila."

Inategemea, na nitasema inategemea nini.

Mama mzee aliyeletwa na mwanawe kutoka Makueni, asiyejua Kiswahili cha kuombea, ana haki ya kumwomba Mungu kwa Kikamba. Kumnyima ni ukatili. Wakimbizi wa Kongo ya mashariki walioko Marekani husali kwa Kiswahili katika ibada zao, na hakuna Mswahili atakayewaita wakabila kwa hilo.

Hatari huanza pale ibada ya huruma inapogeuka kuwa kanisa ndani ya kanisa, na sadaka yake, wazee wake na kiwanja chake. Afrika Kusini inatupa onyo. Mwaka 1857 sinodi ya Kanisa la Kidachi la Rasi iliruhusu ibada tofauti kwa Wakristo weusi, ikieleza kwamba ni kwa sababu ya udhaifu wa baadhi ya Wazungu, huku ikikiri kuwa kukaa pamoja ndiyo njia sahihi kimaandiko. Mwaka 1881 tayari palikuwa na kanisa zima tofauti kwa ajili ya machotara. Karne iliyofuata kanisa hilohilo la Wazungu likaupa ubaguzi wa serikali hoja za Biblia. Ruhusa ya muda ilidumu zaidi ya miaka mia moja.

Kipimo changu ni hiki: baada ya ibada ya lugha ya mama, je, watu hao wanarudi kwenye meza moja, baraza moja na mfuko mmoja? Wakirudi, hakuna ubaya. Na jambo moja zaidi. Kiswahili mimbarani hakitoshi kuthibitisha umoja. Mhubiri anaweza kuhubiri Kiswahili sanifu, kisha akatia utani wa kikwao katikati na kuchekesha nusu ya kanisa. Nusu nyingine imeshajua nafasi yake.

"Ghasia za 1997 zilikuwa vita vya Waislamu na Wakristo."

Si kweli. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, bunduki zikaporwa, na wiki zilizofuata watu zaidi ya 100 waliuawa na takriban 100,000 wakahama. Waliotafutwa walitafutwa kwa kuwa watu wa bara. Nyuma yake kulikuwa na manung'uniko ya kweli ya wenyeji kuhusu ardhi na kazi, yakatumiwa na wanasiasa miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu wa Desemba, katika eneo ambalo wapiga kura wengi wa bara walitarajiwa kuunga mkono upinzani. Maelfu walilala kwenye uwanja wa kanisa Katoliki la Likoni kwa sababu palikuwa na ukuta na padre, na hata hapo hawakuwa salama. Kuyaita hayo vita vya dini ni kuwaficha waliopanga, na ni kuwasingizia Waislamu wa Likoni ambao baadhi yao walificha majirani zao.

Shambulio la Jumapili tarehe 23 Machi 2014 ni jambo jingine. Watu wenye bunduki waliingia kanisa la Joy in Jesus, Maweni, Likoni, wakafyatulia waumini risasi na kuua watu 6. Hilo lililenga Wakristo wakiwa ibadani. Risasi hazikuuliza nani Mgiriama na nani Mluhya. Tangu hapo makanisa mengi yana walinzi na vifaa vya ukaguzi malangoni, na hiyo ni haki yao. Nawasihi tu wanaosimama langoni: mkaguzi aangalie mkoba wa kila mtu, asichague kwa kanzu, buibui au umbo la uso.

"Mji ukikua, ukabila kanisani utaisha wenyewe."

Si kweli. Philadelphia ilikuwa miongoni mwa miji mikubwa ya Marekani pale Richard Allen na wenzake weusi walipotoka kanisa la Mtakatifu George la Wamethodisti, baada ya kuinuliwa kutoka magotini katikati ya maombi kwa sababu ya mahali walipopigia magoti. Mwaka 1816 wakaunda dhehebu lao, na wazao wa pande hizo mbili bado wanasali mbalimbali. Mji mkubwa huwapa watu nafasi zaidi ya kutengana: kila kabila linaweza kumudu kiwanja chake na mabati yake. Mombasa ilihesabiwa kuwa na watu 1,208,333 mwaka 2019, na Likoni inazidi kujaa. Makanisa ya mabati ya Timbwani huongezeka kila mwaka, na mengi huanza na jamaa za mchungaji. Yatabaki ya jamaa hao mpaka mtu aamue vinginevyo, mapema, kabla katiba ya kanisa haijasajiliwa na majina ya wadhamini hayajaandikwa.

Kwa hiyo wewe unayesali Timbwani, uchaguzi wa wazee au wa baraza la parokia ukifika, omba orodha tatu usome kabla hujapiga kura: ya waweka sahihi wa benki, ya wadhamini wa kiwanja, na ya misiba ambayo kanisa lilihudhuria mwaka uliopita. Kama majina ya orodha hizo yote yanatoka upande mmoja, simama mkutanoni useme, kwa Kiswahili na kwa heshima, kisha mpendekeze jirani yako.